Wavu wa tanuri usiupime ukiwa mwekundu

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea mteja wa Gerezani, Dar es Salaam, wavu wa kupangia vipuri ndani ya tanuri lake la umeme. Stenlesi gredi 310, mpya, si skrepa. Tanuri lilikuwa likikaa nyuzi 800 karibu kila siku. Baada ya mwaka na ushei wakalizima kufanya usafi, vijana wakautoa wavu na kuuegemeza ukutani. Ukateleza. Ulipogonga sakafu ulivunjika vipande vitatu, kama sahani ya udongo.

Nikaitwa kwa ukali: "Fundi, ndiyo kuchomelea gani huku!" Nikainama nikatazama. Maungio yangu yote yalikuwa mazima. Ufa ulipita shubiri nzima kutoka ungio la karibu, na pale ulipokatika chuma hakikupinda hata kidogo: kijivu, chembechembe kama sukari.

Gredi 310 ina kromu kama 25% na nikeli kama 20%. Ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, sehemu ya kromu na chuma hujikusanya kuwa kitu kigumu, chepesi kuvunjika, kinachoitwa sigma. Ubaya wake, kwenye moto hukigundui. Wavu mwekundu unabeba mzigo kama kawaida. Ukishapoa ndipo unakuwa kioo. Sumaku nayo haikuambii kitu, maana sigma hainasi. Na kuna kichekesho hapa: tanuri la nyuzi 1000 haliletei wavu huo ugonjwa huu, la 800 ndilo linaloleta, kwa sababu huko juu sigma haijengeki.

Siku hizi kabla ya bei nauliza nyuzi. Kama ni 700 au 800 kila siku, nashauri aloi 600 (hilo ni jina la mchanganyiko wa metali, si nyuzi), yenye nikeli isiyopungua 72%. Sigma haipati nafasi humo. Bei inauma, sikufichi. Asiyeimudu abaki na 310, ila ukiwa baridi asiugonge wala kuunyoosha kwa nyundo. Na fundi mwenzangu, ukiletewa wavu mzee wenye ufa usikimbilie kuchomelea, utapasuka pembeni ya ungio lako. Upashe kwanza hadi nyuzi 1050 na kuendelea, uupoze upesi kwa maji, kisha uchomelee. Ukirudi tanurini, sigma inaanza kujijenga upya.

Kipande kimoja cha wavu ule ninacho bado, chini ya meza. Mteja akinibishia, namkabidhi pamoja na nyundo.