Usikubali implanti kabla ya waya, mimi yalinikuta

Hiyo miadi ya wiki ijayo ya kuwekewa implanti, yaani jino bandia lenye skrubu inayopandwa ndani ya mfupa wa taya, ahirisha kwanza, halafu ndiyo usome hii.

Umesema una pengo la jino moja la mbele juu, majirani zake wamelika na kupinda, na daktari kakwambia "tuzibe pengo kwa implanti, waya wa kupanga meno utavaa baadaye ukitaka". Ndivyo nilivyoambiwa mimi, neno kwa neno. Nikaona nimepata daktari anayejali muda wangu. Kumbe alijali kiti chake kisikae kitupu.

Jino la asili limeshikiliwa na nyuzi ndogo ndani ya tundu lake. Waya ukilisukuma, mfupa unaliwa upande huu na kujengeka upande ule, jino linasogea. Implanti haina nyuzi hizo, imegandana na mfupa. Hata uivute kwa winchi, haisogei.

Mimi nilijua hayo nikiwa tayari kwa daktari wa kupanga meno. Akageuza kioo chake kidogo, akagonga jino moja moja kwa mpini: tu, tu, tu, halafu ting! "Hili nani kakuwekea?" Nikamjibu kwa maringo, nikidhani anasifia kazi.

Meno yangu yalikuwa yamelika na kushuka taratibu, fizi zikashuka nayo. Implanti ikapimwa ilingane na hayo hayo yaliyoharibika. Waya ulipoyapandisha, fizi zake zikapanda, ya implanti ikabaki palepale. Meno yaliyolika yalipojengwa yarudi kwenye urefu wake, katikati yake pakawa na kijino kifupi, kama mtoto aliyejipenyeza kwenye picha ya harusi. Na mimi nikicheka, fizi zote nje. Ikabidi ichokolewe pamoja na mfupa wake, nipandikizwe mfupa mwingine, nisubiri miezi ushike, ndipo tuanze upya. Muda wote huo nilivaa jino bandia la kuvua. Siku moja nilipiga chafya likaruka, nikalidaka hewani. Hicho ndicho kipaji pekee nilichovuna.

Yule bwana aliyeniwekea implanti alitazama eksirei ya pengo tu. Uso wangu hakuuangalia hata mara moja! Daktari wa kupanga meno, wa fizi na wa kofia za meno, yaani vifuniko vya kauri vinavyovishwa jino, walipaswa wakubaliane kabla mtu hajashika mashine: midomo ikilegea, ncha za meno ya juu zionekane kiasi gani? Kwa kijana mara nyingi ni milimita 2 hadi 4. Ncha ikishajulikana, unapima urefu wa jino, la katikati huwa kama milimita 10 au 11, hapo unajua fizi ikae wapi na nani atangulie. Waambie wajenge meno ya nta juu ya modeli yako, yaani nakala ya plasta ya meno yako, kisha wakuwekee mfano mdomoni, ujione kwenye kioo ukiongea na kucheka. Anayeona hilo ni usumbufu asikutoboe.

Kung'arisha meno fanya kabla ya kofia, maana kauri haibadiliki rangi kwa dawa.

Umri wako nao hukuutaja. Kama bado unakua, implanti ndiyo usiiguse kabisa: meno mengine yatashuka pamoja na taya, yenyewe itabaki juu peke yake. Umeshapiga simu kuahirisha?