Hela ya Serikali ya Utafiti wa Usafiri: Anza kwa Mwenye Foleni

Wanafunzi wa usafirishaji hapa Dar wananiuliza swali moja kuliko yote: "Kaka, serikali inatoa wapi hela ya utafiti?" Wengi wanadhani kuna dirisha moja mahali fulani, ukifika na andiko lako la kuomba fedha unapigiwa muhuri, unaondoka na hundi. Dirisha hilo halipo. Hela ipo, ila imetawanyika kwenye mifuko kadhaa, na sehemu yake kubwa wala haijaandikwa neno "utafiti" juu yake.

Marekani walitunga sheria. Tangu 1987 serikali yao kuu inatenga fedha kwa vituo vya utafiti wa usafiri ndani ya vyuo vikuu, na hela hiyo hiyo inasomesha wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Sharti lake ndilo lililonivutia: chuo hakipewi mpaka nacho kilete mchango kutoka upande mwingine, nusu ya kiasi au kiasi kile kile kutegemea aina ya kituo. Mara nyingi anayechangia ni idara ya barabara ya jimbo. Maana yake, kabla ya kuomba, tayari yupo mtu wa barabara aliyekubali kwamba swali lako linamhusu. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini sharti lile unaweza kujiwekea mwenyewe bila kungoja Bunge.

Kwanza tuipitie mifuko yenyewe, haraka tu. Kama uko shahada ya kwanza, hela yako ya serikali ni bumu. Watu husahau kwamba mkopo huo wa Bodi ya Mikopo una kipengele cha mafunzo kwa vitendo, na mafunzo hayo ndiyo mlango wako wa kwanza wa kuingia kwa wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, au shirika la reli. Usiende kukaa ofisi ya mjomba ili upate saini. Waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita wana Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23. Ukipanda juu kidogo kuna COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi, Kijitonyama. Hao ndio wanaosimamia MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, na hutangaza wito wa maandiko kwa maeneo ya kipaumbele. Usafiri haupati jina lake kila mara, kwa hiyo soma tangazo vizuri: unaweza kuingilia kwenye nishati, miji, tabianchi au TEHAMA.

Halafu kuna fedha za miradi mikubwa ambazo serikali imekopa Benki ya Dunia. HEET, mradi wa elimu ya juu wenye mkopo wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, uko vyuo vikuu. EASTRIP, mradi wa vyuo vya ufundi Afrika Mashariki, umekifikia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo. Hela hizi huonekana zaidi kwenye majengo, vifaa na kusomesha wahadhiri. Mwanafunzi hapewi mkononi, lakini mhadhiri aliyerudi na shahada mpya na maabara mpya anatafuta watu wa kufanya nao kazi. Mfuate huyo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Andiko likishindwa, watu husema "hawana hela" au "wanapeana wenyewe kwa wenyewe". Sikatai kwamba yapo. Lakini maandiko mengi niliyopewa nisome yana ugonjwa mmoja: hayana mwenye tatizo. Kichwa kinasema "Tathmini ya Ufanisi wa Usafiri wa Umma Jijini Dar es Salaam". Nani atakusubiri umalize hiyo? LATRA wanatoa leseni za njia na kupanga nauli. DART wanasimamia mabasi ya mwendokasi. TARURA wana barabara za mitaa na za wilaya, TANROADS wana barabara kuu na za mkoa. Kila mmoja ana maumivu yake, na hakuna hata mmoja anayeumwa "ufanisi wa usafiri wa umma".

Chukua kukatisha ruti. Kila anayepanda daladala jioni anaijua: gari limeandikwa mwisho wa ruti ni kule, lakini katikati konda anatangaza "tunaishia hapa". Abiria wanalaumu tabia. Ukikaa na dereva akakuamini, atakuonyesha hesabu. Tajiri mwenye gari anataka kiasi chake walichopatana kila siku, mafuta ni juu ya dereva, na jioni abiria wote wanaelekea upande mmoja. Akifika mwisho, anarudi mjini na viti vitupu kwenye foleni ile ile. Akigeuza katikati, anapata mkupuo mwingine wa nauli kamili. Andiko linalouliza "ni wapi, saa ngapi, na kwa nauli gani dereva anaona afadhali amalize ruti" lina mteja. Mdhibiti, yaani LATRA, anaweza kulitumia kesho kwenye masharti ya leseni.

Kwa hiyo, kabla hujaandika hata utangulizi, nenda na karatasi moja kwa taasisi husika. Usiombe hela. Uliza ni takwimu gani wanazikosa, kisha uliza wanazo zipi za kukupa. Hilo la pili lina thamani kuliko wengi wanavyofikiri. Mpango kabambe wa usafiri wa jiji hili, uliofanywa kwa msaada wa Japani na kuhuishwa 2018, ulihoji kaya kwa kiwango ambacho mwanafunzi hawezi kamwe kukilipia. TANROADS wana maabara ya vifaa vya ujenzi hapa hapa Dar. Barua ya taasisi inayosema "tutampatia takwimu na nafasi ya maabara" ni fedha ya serikali kama nyingine, na ndiyo inayolipatia andiko lako nguvu mbele ya COSTECH au kamati ya chuo. Anayesoma maandiko mia anaitafuta barua hiyo kwanza. Mimi ningeitafuta.

Soma pia hotuba za bajeti. Wizara ya Ujenzi na Wizara ya Uchukuzi zilitenganishwa 2023, kwa hiyo ziko mbili, kila moja na yake, na zinasomwa bungeni kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Mle ndani utakuta mradi gani umetengewa fedha za upembuzi yakinifu, wapi panajengwa na nani anasimamia. Zinachosha, najua. Nenda moja kwa moja kwenye majedwali ya mwisho.

Bajeti yako wewe ndiyo itakayokutoa jasho. Hela ya umma inataka risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, na kazi ya barabarani inafanyika kwa watu wasio na mashine hiyo. Wadadisi wako, vijana wa kukukusanyia takwimu, watakula kwa mama ntilie. Watapanda bodaboda saa kumi na moja alfajiri wawahi kituoni kabla ya gari la kwanza. Usijaribu kukusanya risiti za hayo. Weka posho ya siku kwa kila mdadisi, isainiwe kwenye fomu ya malipo yenye jina na tarehe, na mwulize mhasibu wa chuo kuhusu fomu hiyo kabla hujaanza. Mhasibu aliyeulizwa mapema ni rafiki. Aliyepelekewa bahasha ya vikaratasi mwezi wa sita, wakati anafunga mahesabu, ni mtu mwingine kabisa.

Na vizibao vya kung'aa msiwavalishe wadadisi bila kufikiri. Kijana aliyesimama kituoni Mwenge na kizibao, kalamu na ubao wa kuandikia, konda anamwona ofisa wa LATRA. Ghafla kila gari linaheshimu ruti, abiria hawajazi mlangoni, na wengine wanageuzia kituo cha nyuma wasifike kwako kabisa. Fomu zitajaa namba nzuri za siku isiyokuwepo. Nilikuja kuona kazi inakwenda vizuri zaidi tunapozungumza kwanza na viongozi wa kituo na wapiga debe, kisha mdadisi anakaa kwenye benchi na simu, kama mtu anayesubiri gari. Kizibao avae anayehesabu magari pembeni ya barabara kuu, huko ni usalama wake.

Fungu la kwanza karibu kila mara huchelewa, na kuchelewa kuna mtego Dar. Ukipanga kuhesabu Februari na hela ikaja mwishoni mwa Machi, umeangukia masika. Jangwani ikijaa maji, Barabara ya Morogoro inakatika, magari yanakimbilia njia nyingine, na wewe unapima mafuriko ya mto Msimbazi ukidhani unapima foleni. Mwezi wa Ramadhani nao hubadilisha saa za watu kurudi nyumbani, na shule zikiwa likizo, asubuhi inapungua magari. Andika kwenye andiko lenyewe vipindi viwili vya kukusanya takwimu, cha kwanza na cha akiba, ukieleza sababu. Hakuna atakayekuona hujajipanga.

Vibali navyo vina ngazi zake: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inashuka kwa mtendaji wa kata. Mtendaji ndiye utakayemhitaji siku mgambo watakapouliza vijana wako wanaandika nini. Toa nakala za kutosha, kila mdadisi awe na yake mfukoni.

Ukimaliza, chuo kitataka tasnifu na mfadhili atataka ripoti yake ya fomu kabla hajatoa fungu lingine. Wewe andika na ya tatu: kurasa mbili za Kiswahili, jedwali moja na ramani moja, upeleke kwa mkono kwa ofisa yule uliyemwendea na karatasi siku ya kwanza. Viongozi wa kituo uliowahesabia magari wapelekee nakala pia. Mwaka unaofuata, mwanafunzi mwingine wa msimamizi wako akienda pale, hataulizwa ametumwa na nani.