Lipia kwanza kutafutiwa tatizo: gharama kubwa ya kukarabati nyaya za umeme wa nyumba

Fundi akipanda darini mara moja, akashuka na kukwambia nyumba nzima ing'olewe nyaya, usimpe jibu siku hiyo. Mshukuru, mlipe hela yake ya kuja, zima mein swichi na ulale na taa ya sola. Uamuzi wa milioni haufanywi gizani, watoto wanalia joto na samaki wanaharibika kwenye friji.

Sisi tulitajiwa milioni moja na laki tisa. Nyumba ni ya wazazi, ipo Chikongola, Mtwara mjini, na ilikuwa mwezi wa tatu. Mtu wa huku anaelewa uzito wa mwezi huo. Pesa ya korosho huanza kuingia minada inapofunguliwa mwezi wa kumi, Januari inaondoka na ada na sare za shule, na Machi mvua bado zinapiga bati. Breka ilikuwa inaanguka kila jioni, na soketi ya jikoni ilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua.

Kilichotuokoa ni kuelewa kwamba kazi ya umeme ni kazi mbili. Kuna kutafuta tatizo, na kuna kutengeneza. Wengi tunakubali kulipia ya pili tu, ya kwanza tunataka iwe bure, na fundi asiyelipwa kutafuta hatatafuta. Atakwambia ung'oe zote, kwa sababu ukizing'oa zote lazima na lile tatizo litatoka nazo. Kwa hiyo ita fundi mwingine, mwambie waziwazi: nakulipa unitafutie ubovu uko wapi, kutengeneza tutazungumza baadaye. Kubalianeni bei hiyo kabla hajafungua boksi la breka.

Fundi wetu wa pili, kijana aliyesomea VETA, alizima breka zote ndogo, akapandisha kubwa, kisha akazipandisha moja moja. Taa za mbele zilikaa. Soketi za sebuleni zilikaa. Alipopandisha ya jikoni, ikaanguka. Akachomoa friji, birika na pasi, akajaribu tena, ikaanguka vilevile. Hapo akajua ubovu hauko kwenye vyombo, uko kwenye waya. Akapima kwa mega, kile kifaa kinachoonyesha kama waya unavujisha umeme, akafuata waya mpaka juu ya dari la vyumba vya uani, akakuta maungio yamezungushiwa tepu tu, hayana konekta, na maji ya mvua yanadondokea hapo kutoka kwenye bati lililotoboka. Shaba ilikuwa imeshika kutu ya kijani. Huku pwani hewa ya chumvi haisamehi ungio lililo wazi.

Nyumba zetu nyingi ziko hivyo. Baba anajenga vyumba viwili, baadaye anaongeza jiko, kisha vyumba vya wapangaji, na kila nyongeza inaunganishwa kwenye waya uleule wa mwanzo. Nyumba inakua, waya haukui. Ndiyo maana ukarabati ukija unakuja mkubwa, na si haki kumlaumu fundi wa leo kwa hilo.

Sasa nikuonye kuhusu bei ndogo, maana hiyo inanitisha kuliko ile milioni. Yupo atakayekuja na kukwambia breka yako ni ndogo, tuweke kubwa, elfu ishirini tu na tatizo limekwisha. Kweli breka huenda ikaacha kuanguka. Lakini ile breka ilikuwa inaanguka ili kuulinda waya. Soketi kwa kawaida hutandikwa waya wa milimita za mraba 2.5 na kulindwa na breka ya ampia 20. Taa hutumia waya wa 1.5 na breka ya ampia 10 au chini ya hapo. Ukiweka ya 32 kwenye waya uleule, waya utachemka ndani ya ukuta na juu ya mbao za dari, na hakuna kitakachokata. Tafadhali sana, ukiambiwa hivyo katika nyumba yenye watoto, kataa.

Kabla ya kuita fundi yeyote, angalia pia kama tatizo ni lako. Nguzo, waya unaoingia na mita ni vya TANESCO. Baada ya mita ni vyako. Zima mein swichi, nenda kwenye mita ya LUKU utazame kile kitaa kinachopepesa umeme unapotumika. Kikiendelea kupepesa na mein imezimwa, kuna umeme unaondoka kati ya mita na mein yako. Washa mein, zima taa zote na uchomoe kila chombo. Kikipepesa tena, unavuja ndani. Lakiri ya mita usiiguse, na mtu anayejitolea kuifungua kwa bei ya chini ni kishoka, yaani fundi tapeli, hata akiwa na kofia ngumu. Fundi wa ndani ya nyumba muulize leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwenye nayo hachukii kuulizwa.

Ukishajua ubovu ulipo, gawa kazi kwa hatari yake. Kwetu, waya wa jikoni, maungio ya uani na nondo ya ethi iliyolika, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, havikungoja. Tuliongeza na ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme ukivuja milliampia 30, kwa sababu hiyo inaokoa mtu, siyo waya tu. Bati tuliliziba kabla ya waya mpya kupanda. Taa za nje na soketi za vyumbani zikasubiri korosho. Awamu ya kwanza haikufika laki sita, na tuliikopa kwenye kikoba. Mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kuumiza, kwa ajili ya swichi nzuri za ukutani sikushauri kabisa.

Vifaa nenda mwenyewe dukani na orodha ya fundi. Akija naye, sawa, lakini pesa ilipe wewe na risiti ichukue wewe, maana duka na fundi wakizoeana cha juu huwa hakikosi. Kwangua kidogo ncha ya waya: ikitoka nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe. Tafuta alama ya TBS. Ufundi ulipe kwa mafungu, fungu la mwisho baada ya kuwasha kila kitu kwa pamoja na breka ikakaa.

Kama una wapangaji, waambie mapema siku ambazo umeme utakatwa, na usiwachangishe waya wa ukutani. Huo ni wa mwenye nyumba.

Na kabla ukuta uliotinduliwa haujapigwa plasta, piga picha za njia zote za nyaya. Mwombe fundi aandike kwa kalamu isiyofutika chini ya kila breka inakokwenda: jiko, sebule, uani. Kazi hiyo ni ya muda mfupi tu, na fundi atakayekuja mwaka ujao hatakutoza tena ya kutafuta.