Usiniambie Kitabu ni Kizuri, Niambie Kinamfaa Nani

Katika marafiki zangu tunaopashana habari za vitabu, yupo mmoja ambaye akisema "kitafute hiki," naweka pembeni ninachosoma na kukitafuta. Si kwamba amesoma kuliko wengine. Wapo waliomzidi kwa mbali, na mapendekezo yao nayapokea kwa adabu, kisha nayaacha yapite. Huyu kabla ya kunitajia kitabu huwa ameshanihoji, na akikitaja hunieleza pia ni wapi kitanichosha.

Wengi wetu hupendekeza vitabu kwa ajili ya nafsi zetu wenyewe. Umemaliza riwaya usiku wa manane, moyo bado unadunda, asubuhi unamtumia kila unayemjua ujumbe: "Jamani, kisomeni!" Hiyo ni furaha tu, na wala haina ubaya. Ila aliyeupokea ujumbe huo hajui kama ni kisa cha mapenzi au cha upelelezi, kama Kiswahili chake ni chepesi au kinataka kamusi mkononi, wala kama kinamhusu yeye kwa lolote. Atakujibu "asante, nitakitafuta," na habari inaishia hapo.

Swali ninalolianza siku hizi ni hili: kitabu gani ulikiacha katikati, na ulikiachia wapi? Ukimwuliza mtu anapenda vitabu gani, atakupa jibu la kujistahi. Atataja vile ambavyo msomaji mzuri anatarajiwa kuvipenda, au vile alivyosomeshwa shuleni. Kwenye kitabu alichokiacha hana sababu ya kujipamba. Rafiki mmoja alinijibu: "Niliacha kwa sababu walikuwa wanahutubiana tu, hakuna aliyeinuka kwenda popote." Jibu hilo lilinitosha. Mtu kama huyo humpi Kusadikika cha Shaaban Robert, hata kama wewe unakiheshimu kiasi gani. Kilitoka mwaka 1951, na sehemu kubwa ya kitabu ni Karama amesimama mbele ya baraza akijitetea, akisimulia wajumbe waliotumwa nchi za mbali na yaliyowakuta waliporudi. Mimi nakipenda kwa sababu hiyo hiyo; raha yangu ni kumsikiliza mtu anayejua kujenga hoja huku roho yake iko rehani. Anayetaka mbio na vishindo atakifunga kabla mjumbe wa pili hajarudi, na hatakuwa amekosea.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wasomaji wazoefu, nao ni kupendekeza jina la mwandishi badala ya kitabu chenyewe. "Msome Kezilahabi." Sawa, lakini Kezilahabi yupi? Rosa Mistika, ya mwaka 1971, inakushika mkono tangu mwanzo: familia yenye shida, baba mkali mlevi, binti aliyebanwa mpaka anaondoka nyumbani bila kujua dunia ikoje. Anayejua kusoma Kiswahili ataifuata bila taabu, na ataumia anapotakiwa kuumia. Nagona, ya mwaka 1990, imeandikwa na mkono uleule, lakini humo ndani ni kama umeota ndoto na aliyekuotesha ni mwanafalsafa. Nacho hakifiki hata kurasa mia! Basi mtu anayeanza anaambiwa "chukua hiki, ni kifupi," anakichukua, anapotea, na anaondoka akiamini riwaya za Kiswahili si za watu kama yeye. Wembamba wa kitabu hauna uhusiano wowote na wepesi wake. Ningekuwa na uwezo ningekataza kabisa neno "kifupi" lisitumike peke yake kukisifu kitabu.

Na wanaosema hawapendi riwaya, usiwaamini haraka. Mara nyingi wanachokikataa ni aina moja ya riwaya waliyolazimishwa. Mchunguze anafurahia nini nje ya vitabu. Kama ni mtu wa kufuatilia kesi kwenye magazeti, wa kubishana nani alifanya nini na kwa nini, mpe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, akutane na Bwana Msa na mwenzake Najum wakifumbua fumbo la mauaji. Usimwambie ni fasihi. Mwambie kuna maiti na hajulikani aliyeua.

Kuhusu kumharibia mtu uhondo: sema yanayotokea mwanzoni, kisha nyamaza. Kwa Vuta n'kuvute cha Adam Shafi inatosha kusema kuna msichana aitwaye Yasmin, ameozwa mume mzee asiyemtaka, na anamkimbia. Mwenye kuvutwa na hilo ameshavutwa. Asiyevutwa, hata ukimmalizia kisa chote hatainuka.

Lililo gumu zaidi ni rafiki akikichukia kitabu ukipendacho. Hapa urafiki mwingi wa vitabu huvunjika kimyakimya: mmoja anajikuta anadanganya ("kizuri, ila sijamaliza"), mwingine anaacha kuuliza. Mimi nimeona afadhali mchukivu aseme wazi na aseme kwa nini. Kuna rafiki ambaye ladha yake na yangu hazikutani popote, na ndiye ninayemwamini kupita kiasi, kwa sababu akiniambia "mhusika wake analalamika mno, nimechoka naye," najua hicho ni changu. Kipenda roho hula nyama mbichi. Ladha inayopingana na yako lakini haibadilikibadiliki inakuelekeza vizuri kuliko ya yule anayependa kila kitu. Anayesifu vitabu vyote sawa, mpende kama rafiki, ila usinunue kitabu kwa neno lake.

Nawe ukiwa ndiye unayependekezewa, usiahidi. Sema "sasa hivi sitaki kitu kizito," au "mwezi huu akili yangu haina nafasi ya vita." Ukikisoma, mrudishie mwenzako jibu lenye maelezo, hata kama ni kumwambia ulikwama pale familia nzima ilipokaa sebuleni kugombania urithi. Jibu la "kizuri" halimsaidii kukuchagulia kinachofuata. Na usimwulize kila siku "umefika wapi?" Kitabu kikianza kudaiwa kama deni, hakisomeki.

Limebaki la kuazimana. Kitabu ninachoweza kukinunua tena naazima na kukisahau hapo hapo. Kikirudi, ni bahati yangu. Kilichoandikwa pembeni kwa kalamu yangu nampa mtu wa karibu tu, maana maandishi yangu humo ni ya kumtukana mhusika na mara nyingine mwandishi. Na kile ambacho hakichapishwi tena hakitoki ndani. Anayekitaka aje akae, akisome hapa hapa, chai nitampa.