Gemu za zamani za mtandaoni: maswali yenu kuhusu RuneScape

Gemu yenye sura ya mwaka 2007 inapataje wateja wa kulipa hadi leo?

Kinachowashika si picha. Old School RuneScape, ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ni mfano mzuri. RuneScape ilianza Januari 2001. Novemba 2012 mfumo wa mapigano ukabadilishwa kabisa, na wachezaji wengi wakasusa. Februari 2013 kampuni ikafufua nakala ya Agosti 2007 iliyokuwa imehifadhiwa, kisha ikawakabidhi wachezaji kura: mambo mengi mapya hayaingii bila asilimia 75 kuyakubali (tangu 2022, asilimia 70). Kwetu sisi, kura hiyo ndiyo siri kubwa. Kufika leveli 99, ambayo ndiyo ya juu kabisa, katika ujuzi mmoja kunadai pointi 13,034,431, na ukiwa leveli 92 ndiyo kwanza umefika nusu. Aliyesota namna hiyo hahami kirahisi, mradi ana hakika jasho lake halitafutwa na sasisho la wiki ijayo.

Kama naweza kulipia uanachama kwa dhahabu ya ndani ya gemu, kampuni inapata nini?

Inapata zaidi. Mchezaji mwenye pesa ananunua bondi, yaani tiketi ya uanachama, kwa fedha halisi, anaiuza kwenye soko la ndani ya gemu liitwalo Grand Exchange, na kupata dhahabu. Mwenye muda lakini hana pesa anainunua kwa dhahabu na kupata siku 14 za uanachama. Hakuna dhahabu mpya iliyozaliwa hapo, imehama tu mikono, na kila bondi imeshalipiwa na mtu. Angalizo: bondi uliyoinunua sokoni haiuziki tena mpaka ulipe asilimia 10 ya thamani yake, kwa hiyo usiinunue kwa ulanguzi.

Dhahabu inatengenezwa kila siku. Mbona bei hazilipuki?

Tangu Desemba 2021 soko linakata kodi kwa muuzaji. Ilianza asilimia 1, sasa ni 2. Sehemu ya makato hutumika kununua vifaa vya wachezaji na kuviteketeza, na iliyobaki hufutwa, hivyo dhahabu hupungua.

Niko Mwanza, nachezea simu, na mtandao unasuasua. Nitaweza?

Utaweza. Toleo la simu lipo tangu Oktoba 2018, na akaunti ni ileile ya kompyuta. Seva husoma amri zako kila baada ya sekunde 0.6, hivyo kuchelewa kwa milisekunde 200 hakukuumizi sana. Kinachoua ni mtandao kukatika katikati ya pambano, maana mhusika wako hubaki pale akipigwa kwa muda. Ondoa programu ya gemu kwenye mpango wa kuokoa betri, jaribu seva za Uingereza na Ujerumani uone ipi ina kasi, na kama bando linayumba, vua samaki au kata miti, mabosi (wale maadui wakubwa) wasubiri.

Naweza kuuza dhahabu nipate shilingi?

Usijaribu. Ni kinyume cha masharti, na akaunti hufungwa. Wavenezuela wengi walilazimika kufanya hivyo uchumi wao ulipoanguka, wakiua mazimwi ya kijani ya ndani ya gemu siku nzima ili wapate dhahabu, na kazi ya miezi ikipotea kwa kufungiwa mara moja.

Nizuieje wezi wa akaunti?

Washa uthibitisho wa hatua mbili, kwenye akaunti na kwenye barua pepe yako pia, kwani wezi wengi hupitia huko. Kisha weka PIN ya tarakimu 4 kwenye benki ya gemu, na chagua siku 7 za kusubiri kabla haijafutwa badala ya 3. Mwizi akiingia leo, unabaki na wiki nzima ya kumfungia nje kabla hajagusa ulichohifadhi benki.