Muulize Mwalimu: "Madam kanirudishia mtoto, eti ana deko"

Mwalimu shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Huyu wa pili ana miaka 5, mwaka huu nimemuanzisha darasa la awali shule moja ya inglishi midiamu huku kwetu. Alichelewa kuongea, sasa anaongea ila anarudiarudia, ukimuuliza "unataka uji?" nae anakujibu "unataka uji?", na matangazo ya tivii anayo yote kichwani. Hospitali walishaniambia ni usonji. Nyumbani tunaelewana nae vizuri tu, shida ni shule. Kengele ikilia anaziba masikio, anapiga kelele, anajitupa chini. Wiki ya tatu madam kaniita anasema mama mtoto wako ana deko, hajafundishwa adabu, mpeleke shule za watoto kama yeye. Baba yake anataka nimtoe akae nyumbani mpaka akue kidogo, bibi yake anataka twende kijijini akaaguliwe. Nifanyeje jamani?

— Mama wa Mbagala

Marahaba mwanangu, pole. Hiyo ya adabu iache hukohuko getini, usiingie nayo ndani. Usonji mtoto anazaliwa nao, ubongo wake unapokea mambo tofauti na wako, hautokani na malezi wala tivii wala chanjo (ile habari ya chanjo ya surua ilianzia Uingereza 1998 kwenye jarida la madaktari, jarida lenyewe likaja kuifuta 2010, ila huku kwetu bado inazunguka wasap kama imeandikwa jana). Bibi mwambie dua asome, dua haina shida, ya kuagua hapana.

Sa tuje kwenye deko. Mtoto anaedeka anakuchungulia, analia huku anaangalia kama umemuona, ukimpa anachotaka kilio kinakatika hapohapo. Aliezidiwa hata umpe pipi ya kijiti haioni, hakusikii, hana habari na wewe kabisa, kelele zimemjaa kichwani na njia ya kuzitoa hana. Wako kazidiwa. Na kengele za shule zetu si unazijua, rimu la gari limening'inizwa kwenye mwembe linagongwa na nondo, mi mwenyewe miaka yote hii bado linanishtua.

Kaombe kwa madam, kwa upole, ukae nyuma ya darasa siku mbili au tatu na daftari, uandike tu: saa ngapi kavurugika na nini kilitokea kabla yake. Usiandike alichofanya, andika kilichotangulia. Ntakwambia utakachokuta, maana nimeshaona wengi: kengele, mstarini asubuhi wanapobanana, foleni ya uji, na pale kipindi kinapobadilika ghafla yeye bado anapanga vizibo vyake. Yaani sio siku nzima ni vipande vinne vitano, na kila kipande kina dawa yake. Kabla ya kengele mtu amtoe nje ya darasa dakika mbili, akae mbali na huo mwembe, au avae zile hedfoni kubwa za kufunika masikio. Mstarini asimame mwisho, asibanwe katikati. Uji apewe wa kwanza au wa mwisho. Alafu kona moja ya darasa iwe na mkeka na kitu anachokipenda, akizidiwa aende akatulie, na hiyo kona isiwe ya adhabu hata siku moja, ikishakuwa ya adhabu imekufa.

Kingine ni picha, na hii ndo naomba uifanye wiki hiihii. Piga picha kwa simu: begi lake, mstari, daftari, kikombe cha uji, bembea, alafu wewe umesimama getini. Kaziprinti stesheneri, zibandike ukutani usawa wa macho yake kwa mpangilio wa siku, kila kitu kikiisha anabandua picha yake mwenyewe. Maneno ukishayasema yanapotea hewani, picha inabaki pale anaiangalia tena na tena. Na ya mwisho lazima iwe yako wewe pale getini, maana watoto wengi wanaolia shule hawajui kama ile siku ina mwisho.

Kuhusu kurudia maneno usihangaike nako, yeye anaposema "unataka uji?" mara nyingi anakuomba uji, kachukua sentensi nzima kama alivyoisikia. Kwaiyo we sema kwa upande wake, "nataka uji", alafu mpe. Mwambie na madam hivyohivyo, na umuombe maagizo muhimu (kaa, njoo, subiri, choo) amwambie kwa Kiswahili na kwa ufupi. Lugha mbili hazimletei mtoto usonji, ila maelezo marefu kwa Kingereza ambacho hajakizoea ni kumuonea tu.

Baba yake mwambie kusubiri akue sio mpango, miaka hii ndo ya kujifunza kukaa na wenzake. Na hiyo ya shule za watoto kama yeye, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa mwanao haki ya kusoma shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi. Vipo vitengo vya usonji kama pale shule ya msingi Msimbazi Mseto na vinafanya kazi nzuri, wapo watoto vinawafaa kabisa, ila wako hajapewa hata wiki moja ya kujaribiwa vizuri. Usiende na sheria mkononi lakini siku ya kwanza, nenda na daftari. Walimu wa elimu maalumu wanasomea chuo cha Patandi kule Arusha na ni wachache, madam wako pengine hajafundishwa usonji hata kipindi kimoja.

Mwalimu hujambo. Mimi nafunza PP1 (darasa la awali) Kisauni, Mombasa, nina watoto 42. Mmoja nashuku ana usonji, wakati wa nyimbo hataki kukaa kwa duara, azunguka tu darasani. Mamake nimwambieje? Na nikimwacha azunguke si wenzake watamuiga?

— Mwalimu wa PP1

Sijambo mwenzangu, 42 sio mchezo. Hilo neno usonji usimtamkie mamake, we sio daktari. Mueleze ulichokiona kwa macho, kwamba hataki kukaa kwenye duara, kwamba anazunguka wakati wa nyimbo, muulize na nyumbani yukoje, alafu umuelekeze EARC ya hapo kwenu, kile kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu, akapimwe, hivyo vituo Kenya vipo tangu 1984 na kazi yao ndo hiyo.

Wenzake watamuiga siku mbili tatu, watachoka. Wewe mpe kazi ya kuzungukia, agawe vikombe, ashike kayamba akiwa palepale anapopataka, na usimlazimishe kukutazama machoni, anaweza akawa anakusikia vizuri zaidi akiangalia ukuta. Muachie nafasi yake wazi kwenye duara kila siku. Na siku akija kukaa mwenyewe tafadhali usimpigie makofi wala kumtangaza, endelea na wimbo kama vile yupo hapo tangu mwanzo.