Kusahau sindano si kwamba hakushtuka

Unauliza kama kutolewa damu hakumsumbui bibi yako mwenye Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu), kwa kuwa husahau sindano upesi. Hapana, mwili wake bado unashtuka, hata kama amesahau sindano kabla hamjatoka maabara. Kotisoli, homoni ya mfadhaiko inayotoka kwenye tezi za juu ya figo, haingoji kumbukumbu. Hufika kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko, yaani mkiwa tayari stendi mnatafuta matatu. Tena kwa wenye Alzheimer mara nyingi huwa juu tangu mwanzo, maana hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuituliza, ni kati ya zinazoharibika mapema.

Nimemtunza mama mkwe hapa Kisumu miaka sita. Akitolewa damu asubuhi, saa sita bado anasokota ncha ya leso, uji hataki, na ukimuuliza ana nini, hajui. Kwetu kilichosaidia ni mtu anayemjua kumshika mkono ule mwingine na kumsemesha Dholuo (si kumfokea “tulia!”).

Ila msikimbilie kupima kotisoli kujua kama aliogopa: asubuhi huwa juu kwa kila mtu, na dawa za steroidi huvuruga majibu.